Majina ya waliolipwa fidia ya bandari: yabandikwe gatini au la?

Mwana wa Mkunguni
Assalam aleikum jamaa. Mwakumbuka 2018 mahakama kuu ya Malindi ilisema wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe kwa sababu ya bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa serikali wa bandari na barabara, bahari ilichimbwa na sehemu zetu za kuvulia zikaenda. Baadaye wakasikizana asilimia 65 iwe pesa taslimu, 35 vifaa. Mimi nauliza kitu kimoja tu, mbona kila jina na kiasi chake kisibandikwe gatini watu wasome? Na msinijibu ati ni siri.

Jarife Bovu
Bilioni mbili nzima hizo! Na kuna watu hata kufunga chambo hawajui wameandikwa wavuvi, fundi cherehani yumo, wakaanga samaki wamo, mtu amekaa na karai lake kivulini ati naye mvuvi 😂

Karai la Langoni
We Jarife koma. Hiyo kusi ikivuma umejilaza nyumbani nani anakukopesha unga? Zamani nikinunua samaki, changu na tafi, kwa mtungo, sasa napimiwa kwa kilo na faida yote inaishia kwenye mafuta ya kukaangia. Bandari haikunigusa mimi?

Mtoto wa Malindi
Ni bilioni 1.76 si mbili, kesi ilisikizwa hapa kwetu najua ninachosema. Na sheria iko, ya 2016, ya kupata habari, unaandika barua ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Andikeni barua, muache kulia.

Nahodha wa Pate
Kesi kusikizwa Malindi haikufanyi mvuvi ndugu yangu, wewe kaa na pizza zako za Wataliano. Barua niliandika mimi, ofisi moja hapa ikanipigia muhuri IMEPOKELEWA, siku zikapita nikaambiwa mwenye faili yuko likizo, kurudi tena naambiwa kahamishwa.

Mtoto wa Malindi
Pizza imeingiaje hapa??? Malindi tuko baharini tangu zamani, Vasco da Gama 1498 rubani wa kumfikisha Bara Hindi alimpata kwetu.

Jarife Bovu
Yaani mlimwonyesha Mreno njia na bado mnajisifu 😂😂

Somo wa Shela
Jamani. Mimi majina sitaki yabandikwe. Mama mjane akisomwa jina na laki zake, wakopaji watapanga foleni mlangoni kabla ya alfajiri, na sheria ya kulinda data ya 2019 haikuandikwa bure. Bandikeni ile 35 ya vifaa: injini ilinunuliwa kwa nani, bei gani, zilifika ngapi. Pesa taslimu mtu akipunjwa atapiga kelele mwenyewe, lakini injini ikiandikwa bei mara mbili nani atajua? Msumbiji 2013 na 2014 mikopo ya dola bilioni 2 hivi ilichukuliwa kwa siri, nyingine kwa jina la mashua za jodari, bunge halina habari, mpaka aliyekuwa waziri wao wa fedha Manuel Chang akaja kupatikana na hatia New York 2024. Mashua zilikuja kweli. Shida ilikuwa bei.

Karai la Langoni
Mbona kila mfano ni mjane? Mjane hajui kufunga mlango wake?

Nahodha wa Pate
Msumbiji ni mbali dada, hapa tunaongea Lamu.

Mtoto wa Malindi
Bado nangoja kuombwa radhi kwa pizza.

Mwana wa Mkunguni
Turudini kwa mada. Basi tuseme hivi, kwanza nani ni mvuvi? Mwenye chombo, au hata baharia, au na wakaangaji?

Jarife Bovu
Mwenye chombo.

Karai la Langoni
Wewe chombo chako ni kipi? Si unavulia cha shemejio?

Jarife Bovu
Mambo ya nyumba usilete hapa mama.

Somo wa Shela
Hakuna hata mmoja aliyegusa habari ya injini. Haya.

Nahodha wa Pate
Hayo yote yangeulizwa kwenye mkutano wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, mwenyekiti awepo. Ni lini?

Mwana wa Mkunguni
Ulikuwa juzi.

Nahodha wa Pate
Juzi??? Tangazo liliwekwa wapi?

Mwana wa Mkunguni
Ofisini kwake. Ndani.