MJADALA: Anayeuliza "nyuki hawaingii nifanyeje" afutiwe swali na kuondolewa, au asaidiwe?

Mtundika Mizinga (Tabora mjini)

Mwangaluka wadau wa nyuki, wa Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui na kote mliko. Kwa ambao hampo kwenye grupu letu la WhatsApp la wafugaji nyuki nieleze kwa kifupi ili mjue ninabishania nini. Maadmin wameleta pendekezo kwamba mgeni yeyote akiuliza swali lililokwisha kujibiwa, au swali la mkato lisilo na maelezo, lifutwe, na akirudia aondolewe. Wanasema grupu linakaribia kujaa, WhatsApp mwisho ni watu 1,024, afu wazoefu wamechoka. Mimi napinga, na nimelileta hapa kwa sababu kule ndani kila tukianza kujadili linamezwa na picha za asubuhi njema.

Swali lenyewe linalowakera watu mnalijua. "Habari wakuu nina mizinga nyuki hawaingii nifanyeje." Basi, limeishia hapo. Hakuna picha, hajasema yuko wapi wala katundika lini. Mzoefu akiliona tu anasema huyu mvivu. Mimi nasema tusikimbilie huko. Ili uulize vizuri kuhusu mzinga usioingia nyuki inabidi uwe tayari unajua nini kinahusika, kwamba kuna suala la kupaka nta ndani, kuna mbao mpya zinazonuka rangi, kuna jua na kivuli, kuna waya wa kutundikia kama umepakwa grisi ili sisimizi wasipande, kuna maji yako umbali gani, na kuna kama ulitundika kabla makundi hayajaanza kuhama au ulichelewa. Mtu anayejua kuyataja yote hayo nusu ya jibu anayo mwenyewe. Anayetuhitaji ni huyu asiyejua ataje nini, na ndo huyo tunataka kumtoa.

Afu hili la "tafuta juu tulishajibu". Jamani, mtu akiingia leo kwa kawaida haoni yaliyoandikwa kabla hajaingia. Hana juu pa kutafuta! Hata sisi wa zamani simu ikijaa tunafuta chati na majibu yanaenda na maji, halafu tunamlaumu mgeni kwa kutosoma kitu ambacho hata sisi hatunacho.

Na tuache kupima swali kwa urefu wake. "Asali imeganda, ni feki?" ni swali fupi kabisa na linajibika kwa mstari mmoja: hapana, asali halisi inaganda, ni sukari yake inajitenga, weka chombo kwenye maji ya uvuguvugu itayeyuka. Huhitaji kumuuliza kitu. Lakini "nyuki wangu wanafia mlangoni" ni fupi vilevile, na hilo ukilijibu kwa mstari mmoja umempoteza mtu, maana kwa mkoa wetu cha kwanza kumrudishia ni je, jirani kuna tumbaku na imepigwa dawa lini, kwa sababu nyuki anatafuta chakula mpaka kilomita 3 hivi na maua yakikosekana anaenda mbali zaidi, kwahiyo shamba usilolijua la mtu usiyemjua linaweza kukumalizia kundi zima.

Msimamo wangu ni huu: swali la mkato lisifutwe, na pia lisijibiwe hivohivo. Lirudishiwe maswali. Mzinga wa aina gani, uko eneo gani, umetundika lini, umeona nini kwa macho yako. Mgonjwa akisema tumbo linauma daktari hamfukuzi kwa kutokueleza, anamuuliza linauma wapi na tangu lini. Akirudi na majibu tumsaidie mpaka mwisho, asiporudi hatujapoteza. Karibuni.

Mama Manzuki (Sikonge)

Mwanangu umeongea vizuri ila hujakaa upande wangu. Daktari unayemsema analipwa, ana zamu, zamu ikiisha anaenda nyumbani. Mimi nalipwa na nani? Nimelelewa kwenye mizinga ya magogo na marehemu baba, nyuki nawajua, na napenda kufundisha, hilo hakuna atakayenibishia. Lakini mtu anachonga mizinga, anatundika porini, hajawahi kukaa hata asubuhi moja na mfugaji, halafu akikwama anataka mimi nimmalizie kwa simu. Hela ya mizinga anayo, muda wa kwenda kwa mfugaji jirani hana? Na chuo cha nyuki kipo hapahapa Tabora, watu wanatoka mikoa mingine kuja kusoma, sisi wenyeji tunakipita njiani.

Unasema tumrudishie maswali. Nani atakayerudisha? Si ni mimi huyohuyo. Maswali yako manne kwangu ni bando langu, macho yangu na usiku wangu, na wengi ukishawauliza hawarudi, wameshahamia grupu lingine kuuliza vilevile. Kuna wazee walikuwa wanajibu vizuri kuliko mimi. Hawajagombana na mtu, hawajaaga, wamenyamaza tu, wamo humo kama namba. Pendekezo la maadmin limetokana na hilo, na wewe kwenye maelezo yako yote marefu umelitaja kwa maneno mawili, "wazoefu wamechoka", ukapita.

Kaka wa Urambo

Namuunga mkono mama asilimia zote. Na niongeze, wazoefu wakinyamaza swali halikai bila jibu, linajibiwa na yeyote. Nimeona mtu kauliza siafu wanapanda mzinga afanye nini, watu wa maana wote kimya, akatokea mmoja anajiamini kweli akamwambia pulizia dawa ya wadudu kwenye mti na chini ya mzinga. Dawa ya wadudu! Na nyuki ni nini kama si mdudu? Akafanya, kundi likaisha. Angefutiwa swali siku ile angekasirika lakini nyuki wake wangekuwepo. Kwahiyo mimi kufuta naona ni usalama pia, bora mtu akose jibu kuliko apate la kuua.

Mtundika Mizinga

Kaka wa Urambo hapo hapana. Huyo unayemsema asingekaa tu baada ya kufutiwa, siafu walikuwa wanapanda mzinga wake usiku uleule. Angeenda dukani kuuliza dawa, na muuza dawa angemwambia nini? Kilichoua lile kundi ni jibu. Tungefuta lile jibu, na aliyejibu ndo aonywe. Mbona kwenye pendekezo hakuna adhabu ya anayejibu ovyo, adhabu zote ni za anayeuliza?

Mama shikamoo. La kwako ni zito, nalifikiria, nitarudi.

Fundi Kompyuta (Kigoma, Mwanga)

Samahanini mimi sio mtu wa nyuki, natengeneza kompyuta na kuandika programu kidogo, shemeji yangu wa Kaliua kanitumia huu mjadala. Haya mnayobishania waandika programu tumebishania miaka. Kuna tovuti ya maswali na majibu inaitwa Stack Overflow, ilianzishwa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Ukileta pale swali lililokwisha kuulizwa wanalifunga na kukuelekeza kwenye lile la zamani, ukileta la ovyo linapigiwa kura za kushushwa mpaka linazama. Wageni waliumia sana, mpaka 2018 kampuni yenyewe ikakiri hadharani kwamba wageni wengi wanapaona pale kama mahali pa ukali. Na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 maswali mapya pale yamepungua kwelikweli, watu wanauliza mashine ambayo haiwanunii.

Pamoja na hayo yote mimi nautetea ule ukali. Sijawahi kuuliza swali pale, hata moja, na kazi yangu sehemu kubwa nimejifunzia pale. Nikitafuta tatizo Google naletewa swali moja safi na jibu chini yake lililopangwa kwa kura, sio maswali mia yanayofanana nusu yake hayana jibu. Ule ukali ulikuwa kwa ajili yetu sisi tuliokuja kusoma baadaye, na tuko wengi kuliko wanaouliza. Mwenye mada unamtetea mgeni mmoja anayeuliza leo, je wale wanaosoma kimya unawaweka wapi?

Mtundika Mizinga

Kaka wa Kigoma nashukuru, hii ndo hoja iliyonikalisha chini. Lakini angalia ulichosema mwenyewe. Wakifunga swali pale wanakuelekeza kwenye la zamani, unabofya, lipo, unasoma. Ukali una mahali unapokupeleka. Sisi tukifuta la mgeni tunampeleka wapi? Kwetu jibu alilotoa mama mwaka juzi limeshafutika kwenye simu za watu, na mengi aliyatoa kwa sauti, hata ukitafuta kwa neno hulipati. Tunataka kuchukua ukali wa kule bila ile ghala ya majibu, na faida yote unayoisema wewe ilikuwa kwenye ghala. Wanaosoma kimya kwetu hawapati kitu swali likifutwa, wanaona tu "ujumbe huu umefutwa" na wao wanaogopa kuuliza.

Kwahiyo kama maadmin wanataka kufuta, waanze kwa kuweka majibu mahali pakae. Telegram mnaweza kuruhusu mgeni aone ya nyuma yote. Au hata karatasi moja ya PDF inayotumwa kwa kila anayeingia: nyuki hawaingii, nyuki wamehama, siafu, nyegere, nondo wa nta, asali inatoa povu. Hiyo ya povu peke yake inaulizwa kila msimu, na jibu ni lilelile, umelina masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta, asali ilikuwa na maji mengi, kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20, ikizidi inachacha. Likiwepo mahali pa kudumu hapo nami nitakubali mtu aambiwe kasome ukurasa fulani, kwa upole.

Mgeni wa Kaliua

Wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mmoja wa hao wanaosemwa. Niliingia msimu uliopita nikauliza kwa sauti kwa sababu kuandika kunanichukua muda na simu ni ya kaka yangu, nairudisha jioni. Nikawekewa vile vikatuni vya kucheka, mtu mmoja akaandika "wageni hawa". Sikuuliza tena grupuni.

Nikaenda kuuliza akili mnemba kwenye simu, nilitaka upana wa mbao za juu za mzinga, zile nyuki wanazojengea masega, ikanijibu vizuri kwa Kiswahili kizuri bila kunicheka: milimita 35. Seremala wa hapa kijijini, mzee, ndo akaniuliza nani kakupa hicho kipimo, hiyo ni ya nyuki wa Ulaya, nyuki wetu ni wadogo weka 32, ukiweka pana wataunganisha masega mbao mbili mbili na kulina utashindwa bila kuvunja. Namshukuru sana yule mzee. Ila najiuliza ambaye hana seremala kama yule inakuwaje.

Na nilitaka kusema, yale maswali manne, mzinga gani, wapi, lini, umeona nini, hata mimi naweza kumuuliza mgeni. Sihitaji kuwa mtaalamu kwa hilo. Mama apumzike.

Mama Manzuki (Sikonge)

Marahaba mwanangu. Na pole kwa vile vicheko, mimi sikuwepo lakini pole.

Hili lako nimelisoma mara mbili. Kama nyie wa msimu uliopita mtawapokea wa msimu huu, mkawauliza, mkanikusanyia, mimi nikakuta tatizo limekaa vizuri na picha yake, hapo jibu nitatoa na nitatoa kwa moyo. Kinachonichosha ni ile kazi ya kumfukuzia mtu maelezo. Ila nina sharti: mkishauliza msijibu. Kaka wa Urambo ana haki kuogopa, mtu akiuliza wenzake mara mbili tatu anaanza kujiona fundi.

Na jambo moja halina maswali manne. Mtu akiandika kaumwa na nyuki, uso au mdomo unavimba, anapumua kwa shida, mwambieni hospitali sasa hivi, yeyote aliye hewani aseme, asisubiriwe mama wala admin. Kwenye pendekezo lenu la kufuta hilo sikuliona kabisa na lilinishtua.

Kaka wa Urambo

Mimi bado sijaridhika. Wageni waulize wageni wenzao, sawa, lakini msimu wenyewe watu wako porini, mtandao hakuna, nani atakuwa hewani? Tutarudi palepale. Na sitaki kuonekana nawachukia wageni, mimi mwenyewe nafundisha vijana wawili hapa kwangu, ila nawafundisha manzukini, pale mizinga ilipo, wanashika mzinga, wanaumwa, wanajifunza. Hii kazi ya simu ina mpaka wake.

Mtundika Mizinga

Kaka hilo la mpaka nakubali bila ubishi, kuna vitu havifundishiki kwa simu. Ila kijana wa Kaliua hawezi kuja manzukini kwako Urambo kila wiki, na wewe huwezi kwenda kwake.

La kutokuwa hewani, hakuna ubaya swali likikaa siku mbili kama siyo la dharura. Nyuki hawajaingia mwezi mzima, siku mbili haziwaui. Tatizo letu tumezoea kwamba swali lijibiwe papo hapo, ndo maana anajibu yeyote.

Nitakachowapelekea maadmin ni hiki. Swali lisifutwe, maswali manne yawekwe kwenye maelezo ya grupu na yasomwe pia kwa sauti kwa wasiopenda kuandika, wa msimu uliopita wapokee bila kujibu, jibu la hatari lifutwe na mwenye nalo aonywe, dharura ya kuumwa iwe hospitali moja kwa moja. Na PDF, mama kama utakubali nitakuja Sikonge na daftari, wewe uongee mimi niandike. Kijana wa Kaliua, tafuta wenzako wengine wawili watatu mlioanza pamoja, mniandikie inbox kabla mizinga ya msimu huu haijaanza kutundikwa.