Mrejesho: hemoglobini 18 kwa mvutaji wa Goma

Asanteni, ndugu. Niliuliza kama hemoglobini (kibeba oksijeni kilichomo katika chembe nyekundu za damu) iliyopanda hadi gramu 18 kwa desilita kwa mvutaji wa paketi moja kwa siku ni dalili ya afya. Sivyo. Moshi wa sigara una monoksidi ya kaboni, inayong'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili hufidia upungufu wa oksijeni kwa kuongeza chembe nyekundu. Damu inakuwa nzito na huganda kwa urahisi. Mwinuko wa Goma, mita 1,500 hivi, huchangia kidogo tu kupandisha hemoglobini.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma asilimia 97 msikiamini: hakitofautishi monoksidi ya kaboni na oksijeni. Sigara ya elektroniki haichomi tumbaku, lakini nikotini yake hubana mishipa vilevile.

Damu ipimwe tena baada ya miezi 3 hadi 4 bila kuvuta, kwani chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Na jiko la makala (makaa) litolewe nje. Gesi yake ni ileile.