MREJESHO: Shamba la mteremko Lushoto, udongo ulikuwa unaondoka na mvua

Wakuu, kabla ya masika niliuliza hapa ni nani anafundisha kuzuia udongo usihamie bondeni. Asanteni sana. Nilimfuata afisa ugani wa kata kama mlivyosema, akaniunganisha na shamba darasa (wakulima hujifunza pamoja shambani), bure kabisa. Tulipima kontua (mistari ya usawa inayokatisha mteremko) kwa fremu A: miti mitatu, kamba na jiwe linaloning'inia, basi. Tukachimba mitaro ya fanya juu, udongo unatupwa upande wa juu kuwa tuta, tukapanda majani ya Guatemala, ambayo pia ni malisho, kwenye tuta. Mahindi yamesimama, na ng'ombe naye hadai chakula. Kipande kilicho chini ya barabara ndicho kimegoma; maji yalibomoa tuta lote. Huko sasa nachimba mtaro wa kuyachepusha kwanza. Aliyeshauri vetiva (nyasi za kushika udongo), miche bado sijapata.