Mbwa na mchuzi wenye chumvi na viungo

Mfugaji, Kisasa: Wakuu, mbwa wa kilo 20 anaweza kula ugali uliochanganywa na mchuzi wa rosti? Una chumvi, vitunguu maji na saumu.

Mkuu wa Banda: Usimpe kabisa! Kitunguu huvunja seli nyekundu za damu, na kukipika hakuondoi sumu. Kwa uzito huo, gramu 100 zinatosha kumdhuru. Saumu ni kali zaidi. Dalili huchelewa siku kadhaa: fizi kupauka, kuhema, mkojo wa kahawia.

Mama Kuku, Chamwino: Chumvi nyingi nayo humtapisha, akayumba, hata degedege. Hapo ni daktari wa mifugo haraka, na msimtapishe kwa maji ya chumvi, mnamwongezea sumu. Mtengee supu kabla ya kuunga, ila mifupa iliyopikwa itoeni.