Naomba ushauri: kuwasha Debian iishie kwenye maandishi, bila skrini ya picha

Mwl_Mbeya

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha kompyuta kwenye sekondari moja ya kijijini, mkoa wa Mbeya. Intaneti ya uhakika hatuna. Nilichukua kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 2, nikaipiga Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux) yenye XFCE (skrini ya picha yenye madirisha), nikaweka Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti) na Wikipedia ya Kiswahili. Wanafunzi wanasoma kwa mashine zao kupitia ruta ya darasani.

Sasa, betri yake imekufa. Umeme ukikatika inazima papo hapo, na ukirudi lazima mtu aingize nenosiri kwenye skrini ya picha ndipo Kiwix ianze. Nikiwa darasa lingine, watoto wanakaa wananisubiri. Halafu nikiandika `free -h` (amri ya kuonyesha RAM iliyotumika) nakuta MB 740 zimeshaliwa kabla mtoto hata mmoja hajafungua ukurasa.

Nataka iwake moja kwa moja kwenye maandishi. Hofu yangu ni kwamba siku nikiitaka picha nitakwama, na mashine ya akiba sina.

bandarini

Futa XFCE yote mkuu, piga `apt purge`, kazi imekwisha.

DadaTerminali

Mwalimu, usifute chochote. Unachokitaka ni amri moja, na kuirudisha nyuma ni amri moja pia.

Debian inapowaka hupanda kwa hatua. Kuna hatua inaitwa `multi-user.target`: hapo mtandao upo, huduma zote zinafanya kazi, na skrini inakuomba jina na nenosiri kwa maandishi tu. Juu yake ndipo inakaa `graphical.target`, ambayo inabeba kila kilichomo kwenye ile ya chini, kisha inaongeza skrini ya picha. Kwa hiyo ukiishia ya chini hujaharibu mfumo, umegoma tu kupanda ghorofa ya juu.

Jaribu kwanza bila kubadilisha kitu. Washa mashine, menyu ya GRUB (ile inayotangulia kabla mfumo haujawaka) ikitokea bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika `3`, halafu F10. Itawaka kwa maandishi mara hiyo moja tu. Ukiizima na kuiwasha tena, picha inarudi. Ukiridhika, andika:

`sudo systemctl set-default multi-user.target`

Siku ukihitaji picha kwa saa moja: `sudo systemctl isolate graphical.target`. Ukitaka irudi moja kwa moja, rudia ile amri ya kwanza ukiweka `graphical.target`.

Jambo moja uwaambie na walimu wenzako: kwenye maandishi, ukiandika nenosiri hakitokei kitu, hata nyota. Watu wengi hudhani kibodi imekufa wakaanza kuchomoa nyaya. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter.

MzeeWaDisketi

Sisi tulikuwa tunafungua `/etc/inittab`, tunabadilisha 5 (picha) kuwa 3 (maandishi), basi.

DadaTerminali

Shikamoo mzee. Hiyo ilikuwa kwa Red Hat na ndugu zake. Debian yenyewe ilihamia systemd (programu inayosimamia kuwaka kwa mfumo na huduma zake) tangu toleo la 8, mwaka 2015, kwa hiyo mwalimu akilitafuta faili hilo kwenye Debian 12 hatalikuta. Ila ile 3 ya kwenye GRUB ndiyo hiyo hiyo ya kwenu, mfumo bado unaitambua.

Mwl_Mbeya

Jaribio la GRUB limekubali! Lakini nikiandika `sudo` (ya kuomba mamlaka ya msimamizi) inanijibu kwamba simo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

fundi_wa_kona

Wakati wa kupiga Debian uliweka nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mashine), ndiyo maana. Andika `su -`, weka nenosiri hilo, kisha `usermod -aG sudo` ukifuatisha jina lako. Toka, ingia upya. Hicho kistari cha baada ya `su` usikiache, ukikiacha utaambiwa amri haipo.

Halafu Kiwix. Kama uliiweka ianze pamoja na XFCE, kwenye maandishi haitaanza kamwe, maana XFCE yenyewe haijawaka. Itengenezee huduma yake. Tengeneza faili `/etc/systemd/system/kiwix.service`, ndani uandike:

```
[Service]
User=mwalimu
ExecStart=/usr/bin/kiwix-serve --port 8080 /home/mwalimu/wiki.zim
Restart=always

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Badilisha jina na njia ya faili viendane na vyako. Kisha `sudo systemctl enable --now kiwix`. Hapo haihitaji mtu yeyote kuingia. Na mashine iunganishe na ruta kwa waya, kwa sababu nenosiri la Wi-Fi mara nyingine huhifadhiwa kwenye akaunti yako, na bila wewe kuingia mtandao haushiki.

Mwl_Mbeya

Nimefanya yote, nimechomeka na waya. Jana jioni ilikuwa safi. Leo asubuhi nimefunga kifuniko kwa ajili ya vumbi, ghafla darasa zima likapoteza Wikipedia. Nilipofunua ikarudi.

DadaTerminali

Pole mwalimu, hilo nilipaswa kukutajia mapema. Kwenye picha, suala la kifuniko linasimamiwa na XFCE. XFCE ikiwa haipo, systemd inashika usukani, na kawaida yake ni kuilaza mashine. Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, tafuta mstari wa `HandleLidSwitch`, ondoa alama ya `#` mwanzoni, uandike `HandleLidSwitch=ignore`. Hifadhi, kisha uiwashe mashine upya.

Na ukitaka kuizima, andika `sudo poweroff`. Usichomoe waya, diski ya zamani haivumilii hivyo, na umeme wa huko tayari unaikatia mara nyingi.

bandarini

Nimejifunza. Ushauri wangu wa kufuta mwalimu achana nao, ungemfungia njia ya kurudi.

Mwl_Mbeya

Wakuu, leo umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa tano kasorobo. Nilikuwa Kidato cha Tatu. Kiranja wa darasa alibonyeza kitufe cha kuwasha, basi. Nilipofika nimekuta kifuniko kimefungwa, waya wa ruta unawaka taa ya kijani, na wasichana wawili wa mbele wanasoma habari za Ziwa Nyasa. `free -h` inasema MB 190.

DadaTerminali, fundi, mzee, nawashukuru sana. Kesho nawaonyesha Kidato cha Nne hii skrini nyeusi, waingie wenyewe mmoja mmoja.