Majengo ya shule za zamani kugeuzwa apatimenti: mimi nasema hapana, bora wakae walimu

Wadau wa Moshi na Arusha naombeni tulijadili hili jamani. Kuna hoja naisikia sana hapa Moshi, kwamba yale majengo ya shule ya enzi za misheni na mkoloni, yaliyochoka mabati, apewe mwekezaji ayageuze apatimenti kuliko yaachwe yaanguke, na mfano wao kila siku ni Marekani.

Kweli Marekani wamefanya sana, ila tuuseme mfano wote. Kule shule nyingi zilibaki tupu sababu watoto walipungua mtaani, na jengo ni ghorofa, korido pana katikati na madirisha makubwa, fundi akipitisha mabomba darasa linakuwa nyumba. Tena mwenye jengo la kihistoria akikarabati apangishe, serikali kuu inampa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama, kwa sharti asiharibu sura ya jengo. Sisi tuna lipi hapo? Watoto ndio wanaongezeka, ada imefutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, na mwaka 2021 ikabidi hela za mkopo wa UVIKO (korona) zijenge madarasa 15,000 nchi nzima. Na madarasa yetu ya zamani mengi ni safu moja ya chini, baraza mbele, choo kule mwisho wa uwanja, sasa ukitaka kila chumba kiwe na jiko na choo chake utabomoa kuta ngapi, halafu useme umehifadhi?

Kinachoniuma zaidi ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, mengine mpaka waziri ayatangaze. Wamisionari wenyewe walianza kuweka makazi Kilimanjaro 1885! Kwa hiyo hakuna shule hata moja ya huku inayolindwa kwa umri wake tu, na mwekezaji akishakabidhiwa anachokitaka ni kiwanja kilicho karibu na mjini, kuta hana shida nazo.

Sipingi jengo kubadilishwa kazi. Boma la Arusha Wajerumani walilijenga 1900 liwe ngome, likaja kuwa ofisi za serikali, leo ni makumbusho na mtoto wa shule anaingia. Halikuuzwa. Apatimenti zinauzwa moja moja, kila mtu na hati yake, sheria ya 2008 inaruhusu, na ukishagawa hivyo kulirudisha lile eneo kwa umma ni kesi za miaka.

Kama darasa limebaki wazi kweli, wapeni walimu. Wengi wanapanga mbali, nauli ya bodaboda inamaliza mshahara. Darasa moja ukiweka ukuta mmoja mwepesi unapata sebule na chumba, choo na jiko vijengwe nyuma kama banda jipya, kuta za zamani haziguswi, na kodi kidogo watakayolipa iende kwenye bati na mbao za paa, maana jengo la zamani linaanza kufa juu, maji yakishaingia ukutani ndo basi.

Sasa mnaotaka mwekezaji nijibuni haya mawili: watoto wa mtaa ule watasoma wapi mkishauza, na nani atamzuia kubomoa wakati jengo halijatangazwa?