Nimeahidiwa nafasi ya kwanza Google nikilipia viungo: nikubali au nikatae?

MshonaMapazia:
Habari zenu wanajukwaa. Ninashona mapazia kwa vipimo vya mteja, na nina tovuti yenye kurasa chache za bidhaa pamoja na blogu ninayoandika kuhusu vitambaa, upimaji wa madirisha na ufuaji. Wateja wangu karibu wote wananipata kupitia Facebook na WhatsApp. Kupitia Google haji mtu, na hata ninapotafuta kwa maneno yaleyale yaliyomo kwenye makala zangu, tovuti yangu haionekani. Sasa nimeandikiwa barua pepe na mtu anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa masoko ya mtandaoni, akiahidi kunifikisha nafasi ya kwanza ndani ya mwezi mmoja endapo nitamlipa aniwekee mamia ya viungo, yaani maandishi ya kubofya yanayompeleka mtu kwenye tovuti yangu, kwenye tovuti nyingine. Je, viungo hivyo vina faida, au ni heri fedha hiyo niipeleke kwenye matangazo ya kulipia? Sina utaalamu wa kompyuta, hivyo naomba nielezwe taratibu.

FundiKurasa:
Ndugu mleta mada, usimlipe mtu yeyote kabla ya kujua kama Google inazifahamu kurasa zako. Kuwa nafasi ya themanini ni tatizo moja, na kutokuwamo kabisa kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi ili izitafute, ni tatizo jingine, na dawa zake hazifanani. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Usipoona chochote, huenda kurasa hazijaingizwa. Kipimo hicho ni cha haraka tu. Cha uhakika zaidi ni Google Search Console, ambayo ni huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Ukishathibitisha kwamba tovuti ni yako, bandika anwani ya ukurasa mmoja kwenye sehemu ya ukaguzi, nayo itakuambia kama ukurasa umo, na kama haumo, kwa sababu gani.

Mchuuzi_Huru:
Kwa maoni yangu tovuti haina ulazima. Kama Facebook na WhatsApp vinakuletea wateja, zidisha juhudi huko.

BiMakala:
Ndugu Mchuuzi, sikubaliani nawe, ingawa nami nisingemshauri aache kinachomlisha. Chapisho la kwenye mitandao ya kijamii huzama baada ya siku chache, ilhali makala inayoeleza vizuri namna ya kupima dirisha inaweza kuendelea kusomwa miaka kadhaa, tena na mtu ambaye tayari ameshika futi mkononi na yuko tayari kununua. Isitoshe, ukurasa wa Facebook una mwenyewe, naye akibadili masharti huna pa kulalamika.

MshonaMapazia:
Nashukuruni sana. Nimefanya kama FundiKurasa alivyoelekeza: utafutaji ule haukuleta kitu, na Search Console inasema ukurasa umezuiwa na alama ya noindex. Tovuti ni ya WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, nami niliikabidhiwa ikiwa imekamilika na kijana aliyeitengeneza. Alama hiyo ni nini?

FundiKurasa:
Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Ni maelekezo yaliyofichwa ndani ya ukurasa yanayoziambia injini za utafutaji kama Google zisiuweke kwenye faharasa. Ingia kwenye Mipangilio ya WordPress, fungua kipengele cha Kusoma, na chini yake utakuta kisanduku cha kuziomba injini hizo zisiiorodheshe tovuti. Watengenezaji hukiwekea alama ya vema makusudi, ili tovuti ambayo haijakamilika isionekane na watu, kisha siku ya makabidhiano wanasahau kuiondoa. Iondoe na uhifadhi. Baadaye wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako, kwenye Search Console. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 WordPress huitengeneza yenyewe, kwenye anwani inayoishia na wp-sitemap.xml. Kwa kurasa mbili au tatu unazozithamini zaidi, omba ziingizwe kwa mkono, kisha subiri, maana kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki kadhaa.

Tahadhari moja: mtu asikushawishi kuchezea faili la robots.txt, linaloziambia injini za utafutaji kurasa zipi zisifungue, kwa wakati huu. Ukiizuia Google kupitia faili hilo, haitaufungua ukurasa, na kwa hiyo haitaona kwamba ile noindex imeondolewa.

BiMakala:
Sasa turudi kwa huyo mtaalamu wa viungo. Ni kweli kwamba viungo vina uzito. Larry Page na Sergey Brin waliijenga Google juu ya wazo kwamba ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingine zenye hadhi unastahili kupanda kwenye matokeo ya utafutaji. Lakini biashara ya kuuza viungo ilishamiri kwa sababu hiyohiyo, na Google ikajibu mwaka 2012 kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ambayo yalizishusha tovuti nyingi zilizokuwa zimepanda kwa njia hiyo. Kununua viungo kwa ajili ya kupanda ni kinyume cha kanuni zake mpaka leo, na Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Tena angalia: mtu huyo hakugundua hata kwamba tovuti yako imezuiwa isiingie Google! Kiungo cha halali kitoke kwa anayekufahamu, kwa mfano msambazaji wako wa vitambaa akikuorodhesha miongoni mwa washonaji anaowauzia.

Juhudi ziweke kwenye vichwa vya kurasa, kwani ndivyo mtafutaji anavyoviona kwanza. Ukurasa wenye kichwa «Karibu» au «Bidhaa Zetu» haumwambii mtu lolote. Andika «Mapazia ya kushonwa kwa vipimo vya dirisha lako», na ile makala ya upimaji iite «Jinsi ya kupima dirisha kabla ya kuagiza pazia», kwa sababu hivyo ndivyo mteja anavyouliza. Usirundike maneno ya kutafutia kwenye sehemu ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo. Na punguza uzito wa picha kabla ya kuzipakia, kwani wengi watakufungua kwa simu.

Mhesabu:
Kuhusu swali la matangazo ya kulipia, ambalo halijajibiwa: matangazo yanaweza kukuletea watu hata kabla Google haijaingiza kurasa zako, ila yanakoma siku fedha inapokwisha. Ukiamua kuyajaribu, tenga kiasi kidogo usichokihofia kukipoteza, na mlete mteja moja kwa moja kwenye ukurasa wa pazia aliloliona kwenye tangazo, penye picha, vipimo na namba ya simu, wala si kwenye ukurasa wa mwanzo. Kila anayepiga, muulize amekuonea wapi, uandike kwenye daftari la oda.